Nozeli ya Nukta Tatu na Maadui Zangu

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Jioni hii Mwanyumba kaleta kichwa cha treni. Kimo ndani ya boksi la viatu, kimelazwa juu ya pamba kama mgonjwa. Urefu wake ni kuanzia kiwiko changu hadi ncha ya kidole. Miezi minne amekijenga. Magurudumu, ngazi, vitasa, hata vifuta kioo viwili vya dereva! Hakina rangi bado. Kijivu kitupu.

Niandike vizuri, maana siku moja shajara hii itakuwa ushahidi. Mwanyumba kaoa mdogo wake mke wangu. Kazi yake kutengeneza meno bandia. Baba Mkwe wetu anatimiza miaka sabini Jumamosi ya tarehe 15. Aliendesha treni miaka thelathini na mmoja, na hiki ndicho kichwa alichokiendesha, kwa namba yake na kila kitu chake, ila kidogo. Mwanyumba ajenge, mimi nipake rangi. Ndivyo tulivyopanga mezani mwezi wa pili. Nilipewa rangi kwa sababu nilitamka mbele ya watu wote kwamba nina brashi ya hewa, ile ya kushika kama kalamu, inayopuliza rangi kama moshi. Sina. Sijawahi kuwa nayo.

Kabla ya kuondoka akaniuliza nozeli yangu ni saizi gani. Nikasema ya kawaida. Akaitikia kwa kichwa.

Kwa nini aliitikia kwa kichwa?

Nimelitafakari hili tangu ameondoka. Mtu ahenyeke miezi minne, halafu ampe mwenzake amalizie? Bure? Kinachoonekana ni rangi. Rangi ikiharibika, nani ataulizia habari za vitasa? Mtego huo. Na mimi nina la kupoteza. Baba Mkwe hajanikabidhi hata bisibisi tangu nilipomtengenezea saa yake ya ukutani, mwaka wa nane huu. Nataka siku hiyo akishike kichwa hiki, aulize kapaka nani, aambiwe mimi. Basi. Sitaki kingine.

Kesho nafungua faili. Ukarani wa masjala nimeufanya miaka kumi na sita. Kama kuna kitu ninachokijua duniani ni kufungua faili.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimefungua. Jalada la manjano, SIRI 01, Mwanyumba.

Baada ya kazi nikaenda duka la vifaa vya sanaa. Muuzaji ana miwani miwili, mmoja machoni, mwingine kwenye paji la uso. Humwoni akiubadilisha, lakini kila ukigeuka umebadilika. Nimemwita Miwani Miwili. Nikamwambia nataka brashi ya hewa kwa kazi ndogo ndogo, ya siri. Akasema hakuna siri, kuna nozeli. Akanipangia ncha tatu za kutolea rangi juu ya kioo. Tundu la kwanza ni 0.2 ya milimita, la pili 0.3, la tatu 0.5. Wenyewe wanasema nukta mbili, nukta tatu, nukta tano. Ndogo kwa mistari ya unywele, kubwa kwa kumwagia eneo pana, ya katikati kwa yote mawili. Kila nozeli na sindano yake inayopita ndani, akasema, zisichanganywe. Akanishauri nichukue nukta tatu. Mtu anayeanza, nukta tatu inatosha kila kitu.

Nikauliza nukta mbili je. Akasema ni ghali zaidi, inaziba upesi, rangi lazima ichujwe, tena rangi ya fedha haipiti kabisa. Nisingeinunua, akasema, kama ningekuwa wewe.

Machale yakanicheza. Muuza duka gani anakukataza kitu cha ghali? Na nani kamwambia ninaanza? Nikakumbuka. Mwanyumba hununua plasta yake ya kufinyangia meno duka hili hili!

Nimenunua brashi na kompresa yake, ile mashine ya kusukuma hewa, kwa nozeli ya nukta mbili. Alipokuwa anaifunga alitabasamu. Jalada la pili, SIRI 02.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimehamia bafuni. Kompresa juu ya ndoo, taa juu ya sinki, mimi juu ya kigoda. Kwanza majaribio, kwenye maboksi ya dawa ya meno. Rangi ni damu ya mzee, ile nyekundu iliyokolea, ndiyo iliyokuwa rangi ya kichwa cha Baba Mkwe.

Dakika ya kwanza, safi. Mstari mwembamba ajabu. Nikacheka peke yangu. Dakika ya tatu, kimya. Hewa inatoka, rangi haitoki. Nikafungua, nikasafisha, nikafunga. Dakika ya tatu tena, kimya. Mara ikatema tone moja kubwa kwenye kidevu changu. Mara tisa! Nimehesabu.

Rangi imechezewa. Hakuna maelezo mengine. Chupa nilinunua imefungwa, sawa, lakini kufunga chupa mtu yeyote anaweza.

Mke wangu akasimama mlangoni akaniuliza kama rangi nimeichuja. Akasema niongeze maji yake mpaka iwe nyepesi kama maziwa, halafu niichuje kwa soksi zake zile ndefu za nailoni zilizotoboka. Nikamuuliza kajuaje. Kwa Mwanyumba, akasema, alipompigia simu mdogo wake Jumanne.

Kwa hiyo wanaongea. Nyuma ya mgongo wangu, wanaongea habari za soksi. Sikuichuja. Nimefungua jalada la tatu, ila jina nimeliandika kwa penseli, maana ni mke wangu na ninampenda.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Mbinu mpya. Ikiwa Miwani Miwili ananishauri vibaya mimi kama mimi, basi mtu mwingine atamshauri vizuri. Saa ya chakula nikajifungia chumba cha majalada ya zamani, nikaweka leso mdomoni, nikapiga simu dukani. Nikajifanya mzee mmoja mstaafu, mgonjwa wa kifua, anayetaka kupaka rangi treni ndogo. Nikakohoa vya kutosha. Nikauliza nozeli ipi.

Nukta tatu, akasema, kama nilivyokwambia Jumanne, kaka. Halafu akanitakia nafuu ya kikohozi.

Nilibaki na simu sikioni. Huyu mtu si wa kawaida.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Leo nimeingia ngome ya adui. Nimekwenda kwenye chumba cha kazi cha Mwanyumba nikisingizia jino la nyuma. Ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Meno kila mahali, kwenye rafu, kwenye madirisha, yamejipanga yanakutazama. Nimeona mambo mawili.

La kwanza. Chupa zake zote za rangi zimebandikwa karatasi yenye jina la rangi. Nyekundu imeandikwa NYEKUNDU. Kijani imeandikwa KIJANI. Mtu mwenye akili zake anaandika nyekundu juu ya nyekundu? Ni alama za siri hizo. NYEKUNDU maana yake kitu kingine. Nitaifumbua.

La pili, kubwa zaidi. Juu ya meza, brashi ya hewa. Pembeni yake kiboksi kimeandikwa 0.5.

Nukta tano! Kumbe! Kwangu wanasema tatu, kwao wanatumia tano!

Nilitaka kumbana kwa maswali pale pale, lakini kabla sijafungua mdomo ili niseme alikuwa ameshaufungua yeye ili atazame. Akasema jino ni zima, ila fizi ina kasoro, tuchukue chapa. Akanijazia kinywani lile tope la waridi, akaniambia nisitikisike dakika nne. Na katika dakika hizo nne, nikiwa siwezi kutamka hata a, akanieleza yote. Kwamba nukta tano anaitumia kupulizia dawa ya kulainisha vibao vyake vya plasta, ambavyo ni vikubwa. Kwamba kwa kile kichwa nisiiguse. Kwamba mstari wa njano unaopita ubavuni unataka mkono wa taratibu na nukta tatu.

Hakuna aliyemuuliza! Mtu anajitetea bila kushtakiwa! Nilitoa macho tu, mate yananitiririka kwenye kola.

Nimerudi na chapa ya meno yangu mwenyewe kwenye mfuko. Amenipa kama zawadi. Nukta tano nimeinunua njiani.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Chakula cha mchana ukweni. Nilipoingia tu Mama Mkwe akaokota rimoti kochini akaitia mfukoni. Kwa upole, akitabasamu, lakini akaitia mfukoni. Saa ya ukutani ipo pale pale. Inaonyesha saa nne na dakika kumi, kama kawaida.

Baba Mkwe anazidi kupoteza nuru ya macho. Sahani anaitafuta kwa vidole. Lakini ukimtajia kile kichwa chake anaanza upya kama kijana. Leo alikuwa anamweleza Mwanyumba habari za ule mstari wa njano. Kila asubuhi kabla ya safari alikuwa anaufuta kwa kitambaa chake mwenyewe, upande wote, kutoka mbele hadi nyuma, hakumwachia mtu. Akasema dereva asiyejua ubavu wa treni yake ni abiria. Tukacheka wote. Mimi nikacheka kuliko wote.

Halafu akanigeukia. Akauliza, kwa adabu, ofisini hawajambo? Nikasema hawajambo. Akamgeukia tena Mwanyumba.

Miaka kumi na moja nimemwoa binti yake. Ofisini hawajambo. Iliniuma, na sioni haya kuiandika. Mstari huo nitaunyoosha hata kama dunia nzima imekula njama ili upinde.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Nukta tano. Nimeifunga na sindano yake, nimejaza kikombe, nimelenga boksi la sabuni. Nikavuta.

Mafuriko. Rangi ilitoka yote kwa mpigo mmoja. Boksi likalowa likaanguka. Ukuta, pazia, mswaki wa mke wangu, mimi mpaka viwikoni, damu ya mzee tupu. Nikatoka mbio kwenda bombani uani kunawa. Jirani yetu muuguzi alikuwa anaanika nguo. Akaniona mikono ile. Akaniuliza kwa sauti ya kikazi kabisa, mkeo yuko wapi? Nikasema yuko kazini. Akasema anaomba kumsikia mwenyewe kwenye simu. Ikabidi nimpigie.

Kwa hiyo nukta tano nayo ni mtego. Mwanyumba aliiweka mezani makusudi ili niione! Aliponiambia nisiiguse alijua nitaigusa. Ninaanza kumheshimu.

Brashi nimeifungia ndani ya boksi lake ikiwa na nozeli ile ile ya tano. Nikabandika unywele wangu mmoja juu ya mfuniko kwa mate. Atakayefungua, unywele utaanguka. Mimi si wa leo.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Jana sikuandika, mambo yalikuwa mengi. Niandike sasa kwa mpangilio.

Jana jioni, nimerudi kutoka kazini, boksi lipo mahali pake. Nikavuta kwenye gazeti kujaribu. Uzi! Laini, sawasawa, bila tone, bila kuziba. Ukivuta kidogo, unywele. Ukivuta zaidi, wingu jepesi kama pumzi. Nikatoa kichwa cha treni kwenye pamba, nikasema potelea mbali, nikapaka ubavu mmoja. Nikapaka wa pili. Paa. Pua. Kwa saa moja na nusu kikawa kimekamilika, damu ya mzee kila mahali, kinang'aa kama embe lililoiva. Sijawahi kufanya kazi nzuri hivyo tangu nizaliwe.

Hapo ndipo hofu iliponishika. Kazi nzuri hivi si yangu. Jumatatu mafuriko, Jumanne uzi? Kitu kile kile, mkono ule ule?

Nikakimbilia mfuniko. Unywele haupo!

Leo nimeifungua brashi yote juu ya taulo. Kwenye nozeli, kwa herufi ndogo ambazo zilinilazimu kuazima miwani ya mke wangu, imeandikwa 0.3. Mtu ameingia nyumbani kwangu mchana, akatoa tano yangu, akatia tatu.

Tatu! Wanaitaka tatu kwa hali na mali! Nimekaa pembeni ya bafu nikiwaza. Wameniachia nipake ile nyekundu vizuri, nijione fundi, ili nikifika kwenye mstari wa njano, ule anaoujua Baba Mkwe kwa vidole vyake, kitokee kitu. Nini sijui. Lakini kitatokea. Nimemuuliza mke wangu kama kuna mtu aliingia. Akasema mtu gani, huku anakatakata vitunguu ambavyo tayari vilikuwa vimekatwa.

Dawa ni moja. Naitoa tatu yao, narudisha mbili yangu, niliyoichagua mwenyewe kwa hiari yangu. Sindano sikuibadilisha. Ni ndefu, inang'aa, sindano ni sindano.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Nimekiua.

Nozeli ya mbili ilikuwa inagoma kukaa. Sindano inafika katikati, inakwama. Nikaisukuma. Ikagoma. Nikajikaza, nikaisukuma kwa kitako cha bisibisi. Ikalia ti! Nikafikiri imekaa. Nikatia njano, nikasogeza ubavuni, nikavuta taratibu kama alivyosema yule.

Haikutoka mstari. Ilitoka mvua. Nozeli ilikuwa imepasuka, njano ikaruka pande zote, ubavu mzima una madoadoa, na katikati tone moja nene likaanza kushuka, polepole, likapita juu ya namba, likapita juu ya ngazi, mimi nalitazama tu.

Kumbe sindano ilikuwa ya tatu. Nene. Mguu wa mtu mzima ndani ya kiatu cha mtoto. Kila nozeli na sindano yake. Nani alisema hivyo? Mtu fulani alisema hivyo.

Keshokutwa ni sherehe. Miezi minne ya mwenzangu iko kwenye sinki. Nimelia. Naandika kwa sababu hakuna anayesoma hapa. Sikulia kwa ajili ya treni. Nilimwona Baba Mkwe anapitisha kidole chake kwenye ule mstari, anakuta uvimbe, anakirudisha mezani kwa adabu, ananiuliza ofisini hawajambo.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Nimeomba ruhusa kazini kwa simu. Bosi akauliza sababu. Ajali ya treni, nikasema. Akashtuka, akanipa pole, akauliza wangapi. Nikasema kimoja. Akanipa siku nzima.

Saa tatu asubuhi Mwanyumba huyo mlangoni, na begi lake la kazi. Mke wangu ndiye aliyemwita. Hakupiga kelele. Alikiangalia kile kichwa muda mrefu, akavuta kigoda, akaomba pamba na thina. Doa moja moja, kama anasafisha jino la mtu aliye macho. Mimi nikasimama pale na taulo, sina hata la kufanya.

Halafu mke wangu akasema yote. Kwamba Jumatatu, baada ya jirani kumhoji kwenye simu kama yu hai, alimwomba Mwanyumba apite kesho yake mchana nikiwa kazini, atie nozeli inayofaa, asiniambie, maana ningeambiwa ningekataa. Na kwamba unywele wangu Mwanyumba aliukuta kwenye mfuniko akautupa, alidhani ni uchafu.

Nikamuuliza Mwanyumba, kwa nini basi hukupaka mwenyewe tangu mwanzo? Akatazama sakafu. Akasema rangi hazioni. Tangu utotoni. Damu ya mzee, kijani, kahawia, kwake zote ni tope moja. Ndiyo maana chupa zake zina majina, na rangi ya fizi anachaguliwa na dada wa mapokezi. Mkewe anajua, ukweni hawajui, anaona aibu. Akasema alipotafuta mtu wa kumkabidhi aliniona mimi tu, kwa sababu katika ukoo huu mwenye macho ni mimi, hakuna kinachonipita.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kweli kabisa.

Tukafanya kazi mpaka jioni. Alinifungia nozeli ya tatu na sindano yake mwenyewe. Tukarudia nyekundu, tukaiacha ikauke. Akanifundisha kubana ubavu kwa utepe wa karatasi, juu na chini, tuache mwanya mwembamba. Akasema njano haishiki juu ya damu ya mzee, ipulizwe nyeupe kwanza, chini yake. Yeye akashika kichwa, mimi nikavuta. Nilipofika mwisho wa ubavu akaniuliza kwa sauti ndogo, umenyooka? Njano juu ya nyeupe, yeye hakuyaamini macho yake. Nikamwambia umenyooka, mwanyumba. Umenyooka.

Ila usiku huu, kabla ya kulala, swali moja. Mtu anatoa siri yake kubwa hivyo, bila kuulizwa?

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Watu ishirini na wawili, keki, viti vya kuazima. Kilipotolewa kwenye boksi watu wakasimama kukitazama. Baba Mkwe akapakatishwa. Akaanza na magurudumu, kwa vidole. Ngazi. Vitasa. Vifuta kioo, akacheka. Halafu kidole kikafika ubavuni, kikaukuta mstari. Kikaenda nao mbele hadi nyuma, taratibu. Kikarudi. Kikaenda tena. Alikuwa analia bila sauti, na Mama Mkwe akamshika bega.

Akauliza kapaka nani. Mwanyumba akasema ni mimi, hakusema zaidi. Baba Mkwe akanyoosha mikono yote miwili hewani mpaka nikaipata. Akasema mkwe wangu, hapa pananyooka kuliko pale kiwandani.

Nilitaka kusema kitu. Nikaishika tu mikono yake. Mjomba mmoja akaniokoa, akauliza ni kifaa gani hicho cha ajabu, nozeli saizi gani. Nikasikia mdomo wangu unasema nukta mbili. Mwanyumba akapaliwa na soda.

Jumatano, tarehe 19 Juni

Baba Mkwe kanipigia simu. Yeye mwenyewe! Miaka kumi na moja, mara ya kwanza. Ofisini, mchana, nusura niangushe rejista.

Akasema kichwa bila mabehewa hakiendi popote. Mwanyumba atamjengea mabehewa manne. Lakini rangi anataka nipake kwake, barazani, Jumapili hii, naye atanishikia. Tuanze na la majaribio analo, la kuchezea watoto. Macho hayaoni, akasema, mikono ipo. Uje wewe tu, tukae.

Nimefurahi mpaka nikatoka nje kuzunguka jengo. Nimelizunguka mara mbili. Mzunguko wa tatu nikasimama.

Wewe tu? Kwa nini mimi tu? Bila mashahidi? Mtu miaka kumi na moja anaulizia ofisi, leo tukae? Na nani kamfundisha habari za behewa la majaribio? Hayo ni maneno ya fundi, hayo si ya dereva. Amepangiwa. Nimemwambia nitajitahidi. Sikusema naja, sikusema siji.

Jalada la nne. Nimetumia lile lenye kamba.

Jumapili, tarehe 23 Juni

Mke wangu kaniaga saa nane akijua nakwenda kwa baba yake. Sikusema uongo, nilikwenda. Ila nilisimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya gari la muuza gesi, na kofia na gazeti. Kutoka pale baraza yote unaiona.

Saa nane na nusu Baba Mkwe akatoka. Peke yake, anapapasa ukuta. Akatandaza magazeti juu ya meza, akayalaza vizuri kwa viganja. Akaleta ndoo ya maji. Akaleta kitambaa. Akaingia ndani, akarudi anaburuta kiti, halafu akarudi tena akaburuta cha pili, akakiweka karibu na chake. Akakifuta vumbi.

Viti viwili! Nilijua! Yuko mwenzake!

Nikakodoa macho nisipitwe. Saa tisa, hakuna. Akaitazama barabara, kwa jinsi anavyotazama siku hizi, kwa sikio. Mtu akipita ananyanyua kichwa, mtu akiendelea anakiinamisha. Saa kumi Mama Mkwe akatoka akamletea chai vikombe viwili. Viwili! Nimeandika. Kimoja akanywa, cha pili akakifunika kwa kisahani, kisipoe. Saa kumi na moja akakunja magazeti, moja moja, akarudisha viti ndani.

Yule mwenzake hakutokea. Miguu inaniuma, lakini sasa ninajua ukubwa wa jambo lenyewe. Hawa watu wana mtandao. Kuna aliyemtonya kwamba nipo.